Kupunguza wanga: mimi ilibaki kidogo niangushwe na dawa, si chakula

Mkuu, umeuliza kama kupunguza wanga kuna madhara. Umesema una wiki ya tatu sasa umeacha wali, mkate, viazi na sukari, umeshuka kilo nne na unajisikia mwepesi, ila shemeji yako amekutisha kwamba figo zitakufa, na jirani naye anakwambia kaza hivyohivyo, hakuna shida yoyote. Wote wawili wamekosea, na mimi nilishawahi kuwa kama huyo jirani. Ngoja nikusimulie, itakuwa ndefu kidogo.

Nina kisukari aina ya pili, niligundulika nikiwa na miaka 41. Nilipoanza kupunguza wanga nilikuwa na kilo 103. Nilikuwa nameza metformin asubuhi na jioni, glibenclamide, zote mbili dawa za kushusha sukari, na kidonge cha presha. Nikaangalia video mbili tatu, nikasomasoma, Jumatatu moja nikaamka nimeamua. Daktari sikumwambia. Nilitaka nimshangaze kliniki ya mwezi unaofuata.

Siku tatu za mwanzo raha tupu. Ya nne kichwa kikaanza kugonga, usiku misuli ya miguu inakaza mpaka naamka, mdomo mkavu. Nikajua ndiyo yale wanayosema mwili unazoea. Siku ya tisa jioni napanda ngazi, ghafla jasho la baridi, mikono inatetemeka, macho yanaingia giza. Mwanangu ndiye aliyenikalisha chini akaleta kipimo. Sukari 2.9 mmol kwa lita, chini mno. Miaka mitano nahangaika kuishusha, leo naambiwa ninywe soda haraka! Nilikunywa, nikatulia, nikapelekwa hospitali. Wakapima na presha: 92 kwa 58.

Daktari aliniuliza swali moja tu. "Chakula umebadilisha. Dawa je?"

Nilikuwa sijawahi hata kuliwaza. Glibenclamide inalilazimisha kongosho kutoa insulini, uwe umekula au hujala. Dozi yangu ilipangwa kwa mtu anayekula sahani nzima ya wali mara mbili kwa siku. Wali ukaondoka, dawa ikabaki na nguvu zake zilezile, ikawa inashusha sukari ambayo tayari ilikuwa chini. Wanaojichoma insulini wana hatari hiyohiyo, tena zaidi. Glimepiride na ndugu zake wengine ni vilevile. Metformin ikiwa peke yake ni nadra kukushusha namna ile.

Presha nayo ilikuwa na maelezo yake. Ukikata wanga, insulini mwilini inapungua, na insulini ikipungua figo huachia chumvi na maji kwa wingi. Ndiyo maana siku zile nilikuwa nakojoa kila saa. Presha ikawa inashuka yenyewe, na mimi juu yake naongeza kidonge. Kichwa kuuma, kizunguzungu, misuli kukaza, sehemu kubwa ya yote hayo ilikuwa upungufu wa maji na chumvi. Mtu mzima asiye na presha wala ugonjwa wa moyo au figo akinywa maji ya kutosha na supu yenye chumvi siku hizo, hali humwishia upesi. Mwenye magonjwa hayo asijiongezee chumvi kwa kusoma maneno yangu, aulize kwanza.

Kuna kundi jingine la dawa ambalo mimi situmii lakini lazima nilitaje, maana watu wengi wanapewa siku hizi: empagliflozin, dapagliflozin na wenzake. Hizi zinaitoa sukari kwa njia ya mkojo. Ukizichanganya na kukata wanga kabisa, damu inaweza kujaa asidi ya ketoni huku kipimo cha sukari kinasoma kawaida au kimepanda kidogo tu. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mgonjwa anapima, anaona namba nzuri, anajilaza na kutapika kwake akidhani amekula kitu kibaya. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu dawa hizi tangu 2015. Mwenye kuzitumia akianza kutapika, tumbo likamuuma na pumzi ikawa ya harakaharaka, aende hospitali siku hiyohiyo, asidanganywe na kipimo cha kidole.

Hapo nieleze jambo moja linalochanganya watu. Ketoni zenyewe si sumu. Wanga ukipungua sana, kama gramu 20 hadi 50 kwa siku, ini hugeuza mafuta kuwa ketoni na ubongo unazitumia kama kuni mbadala. Kwa mtu ambaye kongosho lake bado linatoa insulini, ketoni za damu mara nyingi hucheza kati ya 0.5 na 3 mmol kwa lita, zikizidi kidogo insulini inazirudisha. Mwenye kisukari aina ya kwanza hana breki hiyo. Kwake zinaweza kupanda kupita 10, damu ikawa na asidi, na hiyo ni dharura ya kuua. Majina yanafanana ndiyo maana shemeji wa watu wanaogopa, lakini ni hali mbili tofauti. (Ketoni za kawaida zina kero moja ambayo video hazisemi: pumzi inanuka kama kitu cha kufutia rangi ya kucha. Mke wangu alianza kulala akinigeuzia mgongo, nikadhani tumegombana.)

Sasa kilo zako nne. Usinielewe vibaya, hongera, lakini nyingi ya hizo ni maji. Mwili unaweka akiba ya wanga, inaitwa glaikojeni, kwenye misuli na ini, kama gramu 400 hadi 500 hivi, na kila gramu inashikilia gramu kama 3 za maji. Akiba ikiisha, maji yake yanaondoka nayo, bado hujaweka yale yaliyofuata chumvi. Kilo mbili zinapotea bila mafuta kuguswa. Ukirudia mkate zinaweza kurudi ndani ya siku chache, na wengi hukata tamaa hapo wakidhani wameharibu kila kitu.

Turudi kwa shemeji na figo zake. Kama figo zako ni nzima, hakuna ushahidi mzuri kwamba kupunguza wanga kunaziua. Tena kupunguza wanga si lazima kuwe kula nyama kupindukia, ingawa wanaume wengi, na mimi nikiwemo, tunaelewa hivyo. Ila kama tayari kipimo cha damu cha kreatinini kinaonyesha figo zimechoka, hapo protini nyingi ni jambo la kujadili na daktari, na kwa mwenye kisukari figo zinaweza kuchoka miaka mingi kimyakimya. Pima kwanza ndipo ubishane na shemeji.

Mawe ya figo ndiyo ya kweli zaidi. Ushahidi wake umetoka mahali ambapo sikutegemea: kwa watoto wenye kifafa. Mlo wa keto, yaani wa wanga kidogo sana na mafuta mengi, haukuanza kama njia ya kupungua uzito. Mwaka 1921 Russell Wilder wa Mayo Clinic kule Marekani aliupendekeza kama tiba ya kifafa, na hadi leo unatumika kwa watoto ambao dawa zimewashinda. Kwa kuwa watoto hao hufuatiliwa na madaktari kwa miaka, madhara yake yanajulikana vizuri: mawe ya figo huwapata kuliko watoto wengine, choo kinakuwa kigumu, lehemu (kolesteroli) inapanda, ukuaji unaweza kupungua kasi. Hospitali nyingi huwapa sitrati ya potasiamu kuzuia hayo mawe. Wao wanakula mlo mkali kuliko wetu, lakini kama uliwahi kuwa na mawe, au jongo (gauti), usijifanye hujasikia. Wiki za mwanzo asidi ya yuriki hupanda na kidole gumba cha mguu kinaweza kukukumbusha usiku wa manane.

Kosa langu la pili lilichukua muda kujitokeza. Baada ya lile tukio daktari aliniondolea glibenclamide, akapunguza kidonge cha presha, akaniambia endelea ila uje upimwe kila mwezi. Sukari ikatulia vizuri mno. Kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) kikatoka asilimia 8.9 kikaja 6.6. Nikavimba kichwa. Nikawa nakula siagi kama jibini, natia krimu kwenye kahawa, mayai matano, ngozi ya kuku nagombania na watoto. Nilijiambia mafuta hayapandishi sukari kwa hiyo hayana shida.

Mwezi wa tano lehemu mbaya, ile LDL, ikatoka 2.8 mmol kwa lita ikaja 4.7. Trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya kwenye damu, zilishuka na lehemu nzuri ilipanda kidogo, na kuna watu walinishauri nishangilie hizo mbili, LDL niipuuze. Mimi sikukubali na mpaka leo sikubali. Mishipa ya mwenye kisukari tayari iko kwenye mstari wa mbele, sina ya kuchezea. Nikabadilisha mafuta: mafuta ya zeituni badala ya siagi, samaki, karanga na parachichi badala ya nyama ya mafuta kila siku. Wanga ulibaki palepale. Baada ya miezi mitatu LDL ikasoma 3.1. Statini, dawa ya kushusha lehemu, nikaianza hata hivyo, maana mwenye kisukari aliyevuka miaka 40 kwa kawaida hushauriwa kuitumia.

Hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba swali la maana ni kile unachoweka pale wanga ulipotoka. Kuna utafiti uliochapishwa 2018 kwenye jarida la Lancet Public Health, uliowafuatilia Wamarekani zaidi ya 15,000 kwa takriban miaka 25. Waliokuwa wanapata karibu nusu ya nguvu zao (kalori) kutoka kwenye wanga ndio waliokuwa na vifo vichache zaidi. Waliokula wanga kidogo sana na waliokula mwingi sana, wote walikuwa pabaya zaidi. Lakini ndani yake kuna jambo jingine: waliobadilisha wanga kwa nyama na mafuta ya wanyama hali yao ilikuwa mbaya zaidi, waliobadilisha kwa vyakula vya mimea kama karanga na kunde ilikuwa nzuri zaidi. Utafiti wa namna hii una mapungufu yake, watu wanaulizwa walikula nini na kumbukumbu ni kitu cha ajabu, na hauwezi kuthibitisha kwamba chakula ndicho kilichoua. Na wale hawakuwa watu wa keto. Hata hivyo ulifanana mno na kilichotokea kwenye damu yangu.

Na kwa uzito wenyewe, usiuone wali kama dhambi. Mwaka huohuo wa 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Stanford walitoa matokeo ya watu 609 waliogawanywa mafungu mawili, wengine wapunguze wanga, wengine wapunguze mafuta, kwa mwaka mzima. Wa wanga walipungua wastani wa kilo 6.0, wa mafuta 5.3, tofauti ambayo kitakwimu si kitu. Nilipoisoma nilicheka, nikakumbuka nilivyokuwa nawahubiria watu kazini.

Choo nacho. Sitasema mengi, ila wiki mbili za mwanzo nilijuta. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na ukiondoa nafaka, kunde na matunda kwa mkupuo mmoja bila kujaza mboga za majani, hufiki hata nusu.

Wapo ambao mimi nisingewaruhusu kufanya hivi bila daktari kuwa karibu nao: mjamzito, mwenye kisukari aina ya kwanza, mwenye ugonjwa wa figo, na mtu aliyewahi kuugua ugonjwa wa kujinyima kula au kula na kujitapisha, kwa sababu orodha ya vyakula vilivyokatazwa ni kichaka kizuri cha kujifichia. Mama anayenyonyesha pia, na huyu watu humsahau. Maziwa yanachota sukari mwilini mwake mchana na usiku, na wapo kina mama waliolazwa na asidi ya ketoni bila kuwa na kisukari, kwa kuacha wanga ghafla wakiwa wananyonyesha.

Leo niko kama gramu 110 za wanga kwa siku. Kunde zimerudi, matunda yamerudi, kipande cha mkate asubuhi, ambacho kina kama gramu 15 za wanga. Wali nusu kikombe, siyo kila siku. Nina kilo 89. Katikati hapo niliacha kabisa kwa miezi mitatu, zikarudi sita, nikaanza upya bila ukali wa mwanzo, na nimegundua bila ukali ndiyo nadumu.

Mkuu, kwenye maelezo yako yote hukutaja kama kuna dawa unameza. Kama kuna insulini, glibenclamide, glimepiride, kidonge chochote kinachoishia na "gliflozin" au dawa ya presha, usiache kwa kichwa chako, mpigie daktari leo umwambie unakula nini. Kama hakuna, pima kreatinini na lehemu wiki hii, halafu urudie lehemu baada ya miezi mitatu. Ukipata majibu yalete hapa tuyaangalie, pamoja na umri wako na ulichokula siku moja ya kawaida, hata kama ni aibu. Mimi nimeshakwambia habari za ngozi ya kuku.