Kwa nini sukari ya juu ya koncha inayeyuka na kutiririka?

SWALI: Ninaishi Chicago, ambako mikate mitamu ya Kimexico iitwayo koncha hupatikana kwa urahisi, nami nimejaribu mara tatu kuioka nyumbani. Niliyeyusha siagi nikaichanganya na unga na sukari kwa ajili ya tabaka la juu, nikaumua mikate ndani ya oveni yenye joto, kisha nikachora mistari kabla tu ya kuoka. Kila mara tabaka hilo hutiririka kwenye trei, na kesho yake mkate huwa mgumu. Ninakosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, karibu tatizo lako lote limo katika hali ya mafuta. Jina la mkate huu kwa Kihispania maana yake ni kombe la baharini, na sura hiyo hutokea kwa sababu kinyunya cha chini kinaumuka huku tabaka la juu, ambalo halina hamira wala halikukandwa, likishindwa kutanuka nacho na hivyo kupasuka pale lilipokatwa. Kwa hiyo tabaka hilo ni lazima libaki gumu kiasi hadi mkate uingie ovenini. Siagi huyeyuka kwenye nyuzi joto 32 hadi 35 za Selsiasi, na ukishaiyeyusha tangu mwanzo, kisha ukaiweka tena kwenye oveni yenye joto, hakuna kinachoweza kuishikilia.

Tumia vipimo sawa kwa uzito: gramu 100 za unga wa ngano, 100 za sukari laini ya unga na 100 za mafuta magumu ya mboga, ambayo hustahimili joto kuliko siagi. Ukipenda ladha ya siagi, changanya nusu kwa nusu, ila iwe laini tu, isiyeyuke. (Waokaji wengine hutumia mafuta ya nguruwe, kwa hiyo asiyekula nguruwe aulize kabla ya kununua.) Paka mafuta kidogo juu ya kila donge ili tabaka lishike, bandika kipande chembamba cha gramu 25 hivi, kisha kata mistari papo hapo, kabla mikate haijaumuka mara ya pili, bila kufika kwenye kinyunya. Ukichelewa kukata, unaikandamiza mikate iliyokwisha kujaa hewa, na mistari haipati muda wa kufunguka.

Umua kwenye nyuzi joto 24 hadi 27, nje ya oveni, kwa saa moja na nusu au zaidi. Najua muda huo unachosha, lakini sukari nyingi huinyang'anya hamira maji na kuipunguzia kasi, na kuongeza joto si dawa yake.

Kuhusu ugumu, nadhani uliongeza unga kwa sababu kinyunya kilinata. Usifanye hivyo. Kwa gramu 500 za unga wa mkate, tia sukari gramu 110, mayai matatu, maziwa mililita 120, hamira kavu gramu 9 na chumvi kijiko kimoja cha chai; kanda hadi kinyunya kiwe nyororo, ndipo uingize siagi gramu 110 kidogo kidogo, ukiendelea kukanda hadi kivutike bila kukatika. Kitanata mwanzoni, kisha kitaachia chombo chenyewe. Baada ya kuumuka mara ya kwanza, kigawe katika madonge 12.

Oka kwa nyuzi joto 175 kwa dakika 18 hadi 20, na usisubiri tabaka la juu libadilike rangi, kwani linatakiwa kubaki jeupe. Tazama chini ya mkate, pakiwa na rangi ya dhahabu utoe. Ikishapoa kabisa, ifunike. Usiiweke kwenye friji, kwa sababu wanga wa mkate hukakamaa upesi zaidi katika baridi ya hapo. Ile usiyoila siku hiyo igandishe kwenye friza, na siku ya kuila uipashe moto kwa dakika chache.