Tazama tumbo kwanza: afya na kujamiiana kwa buibui mrukaji

Tumbo la buibui mrukaji mwenye afya limejaa na ngozi yake imenyooka. Likisinyaa na kukunjamana, mara nyingi shida ni kiu wala si njaa. Buibui hunyoosha miguu kwa msukumo wa maji ya mwilini. Yakipungua, miguu hujikunja chini ya kifua. Ukimkuta hivyo chini ya chupa unayomfugia na bado anatikisika, chovya ncha ya brashi laini majini umwekee tone mdomoni. Usimloweshe mwili mzima.

Ili asifike huko, nyunyizia ukuta mmoja wa chupa matone madogo kila baada ya siku moja au mbili. Kisumu, penye unyevu wa ziwa, matundu ya hewa yakiwa machache ukungu hufuata. Nakuru maji hukauka upesi zaidi.

Anayejifungia juu kwenye kiota cha utando na kukataa chakula siku kadhaa huenda anajiandaa kujivua ngozi. Mwache, ila toa kila mdudu hai: nyenje mmoja anaweza kumtafuna akiwa bado laini. Akitoka, subiri siku mbili tatu meno yakomae ndipo umlishe.

Chakula kisizidi ukubwa wa mwili wake. Ndizi iliyoiva sana ndani ya kopo hukusanya nzi wadogo wa kutosha, na kando ya ziwa wale wadudu wanaopaa kwa makundi makubwa wanafaa pia. Waliotoka nyumba iliyopuliziwa dawa, hapana kabisa. Hili halina mjadala.

Kabla ya kuwakutanisha dume na jike, hakikisha wote wamekomaa. Dume hutambulika kwa vipapasio, vijimguu viwili vifupi karibu na mdomo, vilivyovimba nchani kama glovu za ndondi. Jike vyake ni vyembamba, na chini ya tumbo lake, karibu na kiuno, huonekana alama nyeusi. Mpige picha kwa simu akipanda kioo. Dume akijenga kiota ubavuni mwa jike ambaye hajakomaa, anamsubiri ajivue.

Mlishe jike ashibe siku moja kabla. Hapa ndipo wengi wanapoponza madume: jike mwenye njaa humwona mchumba kama kitoweo. Waweke kwanza kwenye chupa mbili za kioo zinazogusana. Dume huinua miguu ya mbele, huyumba pembeni na kutikisa tumbo. Jike akitulia na kujilaza chini, fungua. Akimrukia au akikimbia kila mara, ahirisha. Wakishikana usiwatenganishe, wakiachana, mtoe dume papo hapo.

Buibui mrukaji wa kwetu, Evarcha culicivora, aliyeelezwa kisayansi mwaka 2003 na anayefanyiwa utafiti Mbita, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, ana desturi zake. Hupenda mbu aina ya anofelesi waliokwisha kunyonya damu, na mlo huo humpa harufu inayovutia jinsia ya pili. Jike naye hujionyesha kwa dume na kuchagua, kwa hiyo ukimwona anacheza mbele ya mwenzake usidhani ni ugomvi. Binadamu hamnyonyi damu.

Jike huhifadhi mbegu, na kujamiiana mara moja tu kunaweza kutosha mifuko kadhaa ya mayai. Watoto wakianza kutoka kiotani, watenge kila mmoja na chupa yake kabla hawajaanza kulana.