Saa Moja Kati ya Shule na Chuo

Mwanangu wa pili alikuwa na miaka sita alipolala kwenye kiti cha daktari wa meno, amenishika kidole. Magego manne yalikuwa yametoboka. Daktari aliniuliza mtoto hula nini mchana, nami nikamjibu bila kusita: chakula cha nyumbani, wali, samaki, mbaazi. Mtoto akasema palepale, "Na mabuyu, na achari, na barafu. Kila siku kabla ya chuo," yaani kabla ya madrasa.

Sikuwa najua, na jambo hilo liliniuma kuliko bei ya matibabu. Mimi ni mama ninayepika kila siku, na niliamini kwamba mtoto anayekuta sufuria limejaa nyumbani hawezi kuwa na tatizo la chakula.

Wenzangu wa Mombasa mnaijua ratiba hii. Watoto wadogo hutoka shule mnamo saa saba, na saa nane wawe wameshakaa kwenye mkeka chuoni. Katikati ipo saa moja ambayo wazazi hatuihesabu. Baba yuko bandarini, mama yuko dukani au bado yuko ndani ya matatu anarudi kutoka mjini. Mtoto ana njaa, ana shilingi 30 mfukoni, na njia nzima kutoka shule hadi chuo imepangwa viazi karai, kachri za muhogo, chauro na mabuyu mekundu. Wanangu wawili walikuwa wakifika chuoni ndimi nyekundu kila siku, na mimi nilikuwa nikidhani ni rangi ya juisi ya ukwaju.

Siwalaumu wauzaji. Yule mama wa viazi karai wa kona yetu anasomesha watoto wanne kwa karai hilo, na kiazi kimoja cha moto chenye ndimu hakijawahi kumdhuru mtu. Shida yetu ilikuwa kwamba vitu hivyo viligeuka kuwa chakula cha mchana, siku tano kwa juma.

Daktari alinieleza jambo ambalo nilikuwa silijui. Kwa meno, mara ngapi mtoto anakula sukari ni jambo zito kuliko kiasi anachokula kwa mara moja. Vijidudu vya kinywani hula ile sukari na kutoa tindikali inayotafuna jino, na kila kipande kipya cha utamu huianzisha kazi hiyo upya. Buyu hunyonywa taratibu, hukaa shavuni, hunata kwenye gego. Mtoto anaweza kunyonya kifuko kimoja saa nzima. Halafu nilikuwa nikijifariji kwamba hayo ni meno ya utoto, yatang'oka. Daktari akanionyesha kwamba jino la utoto hulishikia nafasi jino la ukubwani, na kwamba gego la kwanza la kudumu huota nyuma kabisa mtoto akiwa na miaka sita hivi. Wazazi wengi hulidhani ni la utoto na kuliacha lioze.

Usiku ule nilikaa jikoni nikafanya hesabu. Nyumba yetu ina watu sita: mimi, baba watoto, watoto watatu na mama mkwe wangu. Tulikuwa tukimaliza kilo mbili za sukari kwa juma. Gawanya kwa watu sita, kisha kwa siku saba: inakuja gramu 47 na ushei kwa kila mtu kila siku, karibu vijiko kumi na viwili vya chai. Hapo sijahesabu soda wala mabuyu. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayoipata kwenye chakula, na bora zaidi ishuke chini ya nusu ya hapo, ambayo kwa mtu mzima ni kama vijiko sita. Kwa mtoto ni kidogo kuliko hivyo. Na mama mkwe wangu anaumwa kisukari! Tulikuwa tumemtengea birika lake la chai bila kujiuliza sisi tunakunywa nini kwenye birika letu.

Ukitaka kupunguza sukari nyumbani, usitangaze. Mimi nilitangaza mara ya kwanza na siku ya tatu baba yao alirudi na pakiti yake mwenyewe. Mara ya pili nilinyamaza, nikawa napunguza sukari kidogo kidogo kwenye birika kila baada ya siku kumi, huku nikizidisha iliki na mdalasini na kuongeza maziwa. Ulimi hujifunza polepole na husahau polepole. Ilichukua miezi minne kufika kilo moja kwa juma. Siku tulipokwenda kumwona shangazi yao, mkubwa aliionja chai akasema ni tamu mno. Nilijizuia nisitabasamu mbele ya mwenyeji.

Lakini ile saa moja ndiyo iliyonisumbua. Kwanza niliwanyima pesa. Wakaanza kuomba kwa wenzao, na mkubwa akaona aibu, na sikupenda kumwona mwanangu akiwa mwombaji. Kisha nikawafungia chakula kwenye kikopo: viazi vitamu vya kuchemsha, yai, ndizi. Kikarudi kimejaa. "Wenzangu wananicheka," akaniambia, "wao wanakula pamoja, mimi nakaa na kikopo." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtoto hanunui mabuyu kwa sababu ya njaa peke yake. Ananunua kukaa na wenzake.

Kwa hiyo nilikwenda kwa jirani zangu wawili ambao watoto wao huenda chuo kile kile. Tukapatana zamu. Siku moja watoto wote hupita kwangu, ya pili kwa jirani wa ghorofa ya juu, ya tatu kwa yule wa nyuma ya msikiti, tunazunguka hivyo. Wote watatu hatuko nyumbani kila mchana, lakini kila siku mmoja wetu yupo, au bibi wa mmoja wetu. Watoto saba wanakaa barazani, wanakula muhogo wa kuchemsha na mbaazi, au chapati na dengu, au wali uliobaki jana na mchicha, wanasukutua, wanaondoka wakikimbia. Zile shilingi 30 za kila mmoja wa watoto wangu wawili zilikuwa 300 kwa juma, na kwa pesa hizo nikienda soko la Kongowea mapema napata ndizi, machungwa na muhogo wa kutosha zamu zangu zote. Ijumaa nawapa kumi kumi wanunue wanachotaka. Wengi wao hununua kiazi karai, na mimi sina neno.

Jambo la pili ambalo ningemwomba kila mama na baba alitazame ni sinia. Sisi hula sinia moja, mkekani, na sitaki desturi hiyo ife. Ila sinia huficha. Siku moja mgeni alituletea sahani mpya, nikapakua kila mtu na yake ili tuzizindue. Mwanangu mdogo wa miaka mitatu alimaliza wali na mchuzi, samaki akamwacha mzima. Nikamuuliza mbona, akasema anaogopa miba. Miezi yote ile tulikuwa tukila naye bega kwa bega, na hakuna aliyegundua kwamba kaka zake wenye mikono myepesi ndio waliokuwa wakila fungu lake, naye akishibia wali mtupu.

Mama mkwe wangu akanikumbusha kwamba zamani kitoweo hakikuachwa katikati ya sinia kigombaniwe. Mwenye kupakua alimgawia kila mtu mbele yake. Tumerudi huko. Wali ni wa wote, kitoweo ni cha kila mmoja, na samaki wa mdogo huchambuliwa miba kwanza kwa vidole, nami huhakikisha kwa kupitisha vidole mara ya pili. Samaki si lazima awe nguru wala kolekole wa bei. Tasi na tafi wadogo wanatosha, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao humpa mtoto madini ya kujenga mifupa yake.

Mboga sasa. Hapa nilikosea kwa miaka. Nilikuwa nikisema, "Maliza mchicha nikupe soda." Fikiria mtoto anachojifunza hapo: kwamba mchicha ni adhabu na soda ni thawabu. Mama mkwe wangu alinitazama siku moja akaniambia kwa upole, "Mwanangu, huyu hali mboga kwa kuwa hajakuona wewe ukila. Wewe kila siku wampikia, kisha wala wali na samaki." Ilikuwa kweli.

Wanaochunguza ulaji wa watoto wanasema mtoto anaweza kuhitaji kuonyeshwa chakula kipya mara kumi, hata kumi na tano, kabla hajakikubali. Sisi wengi hukata tamaa mara ya tatu na kusema, "Huyu hapendi." Nilijaribu kwa biringani. Kila mara niliweka vipande viwili pembeni mwa kitoweo cha mwanangu wa pili, nikala changu, nikazungumza habari nyingine. Sikumsihi, sikumkaripia, sikumsifu. Alivisukuma, alivinusa, siku moja alikilamba kimoja akakitema. Mara ya kumi na moja alikula kimoja, na hakuna aliyesema kitu. Kazi yangu ni kupika, kupakua na kupanga saa ya kula. Kuamua kama atakula, na kiasi gani, nimemwachia yeye. Usiku wa kwanza wa kumwachia ulikuwa mgumu, kwa sababu alilala na matonge matatu tu tumboni. Asubuhi alikunywa bakuli mbili za uji wa wimbi.

Na tui msilifukuze. Nimewasikia watu wakiambiana waache nazi kabisa, na mboga ikapikwa kwa maji na chumvi, kisha wanashangaa watoto kuikataa. Mafuta kidogo huusaidia mwili kuipata vitamini A kutoka kwenye majani ya kijani kama mchicha na matembele. Mimi hupikia mboga tui jepesi, lile la pili, na kasimile, lile tui zito la kwanza, naiweka kwa siku za wageni. Ndimu huikamulia mboga na mbaazi wakati wa kula, kwa sababu vitamini C yake huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai hufanya kinyume: majani yake huyazuia. Ndiyo maana siku hizi asubuhi za shule ni uji, na chai tunakunywa alasiri bila chakula kizito.

Maji nayo yana hadithi yake hapa kwetu. Kisima cha mtaa wetu kina chumvi, maji ya mfereji huja kwa siku zake, na yale ya kununua kwa mitungi ya plastiki hukaa juani mpaka yawe vuguvugu. Nilikuwa nikiwagombeza watoto kwamba hawapendi maji, hadi nilipoyaonja yale waliyokuwa wakipewa. Tukanunua mtungi wa udongo. Mama mkwe wangu akaufukiza ubani kama alivyofundishwa na mamake, tukauweka penye upepo karibu na dirisha, na kata juu yake. Mtungi hutoa jasho na maji hupoa. Tangu hapo soda imebaki kuwa ya harusini. Unga wa ubuyu usiotiwa rangi tunaukoroga na maji hayo hayo, sukari kidogo sana, na wale wale waliokuwa wakinyonya mabuyu mekundu huugombea.

Ramadhani bado ni kazi. Sambusa, kaimati, bajia na katlesi vyote juu ya jamvi moja, siku thelathini. Mwaka huu tulikubaliana kitu kimoja cha kukaanga kwa siku, na kila mtoto akapewa siku zake za kuchagua ni kipi. Waliichukulia hiyo kazi kama bunge.

Neno moja kwa watu wazima. Tuache kuwasema watoto miili yao. Huyu amenona, yule kimbaombao, fulani anakula kama mnyama. Mtoto anayesemwa hujificha kula, au huogopa kula. Ikiwa una wasiwasi na ukuaji wake, chukua kitabu chake cha kliniki uende wampime, na mazungumzo yawe kati yako na muuguzi.

Baba yangu alikuwa akimletea kila mjukuu soda siku ya Ijumaa. Nilikaa mwezi mzima sijui nimwambie nini, maana mzee hakatazwi kuwapenda wajukuu zake. Mwishowe nilimwomba anisaidie: watoto hawajui kuchagua embe, hawajui ngowe iliyoiva inanukaje penye kikonyo. Sasa msimu ukifika huwachukua sokoni yeye mwenyewe, wanarudi mikono inanata hadi kwenye viwiko.

Jumatatu zamu ni yangu. Watoto saba, na mmoja wao ametuma salamu mapema kwamba yeye hali yai. Nitachemsha viazi vitamu, nimkatie na chungwa, na yai nitamwekea pembeni vilevile.