Kwa Vijana Wetu Wanaohesabu Safu za Idd

Wiki iliyopita niliketi nyuma katika ukumbi wa madrasa, hapa kwetu bara ya Kenya, nikawasikiliza vijana wa kamati mpya wakimwambia wakala wa mgombea mmoja kwamba Waislamu wa wadi hii ni kura elfu tano zisizogawanyika. Wakala aliuliza ni kura za vituo gani, na hakuna aliyejua. Nawapenda vijana hawa, baadhi yao nimewasomesha Juzuu Amma, na kwa hiyo siwezi kunyamaza mpaka siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 10 Agosti 2027, itufikie tukiwa hivi.

1. Hesabuni wapiga kura, msihesabu waumini.

Mwishoni mwa Oktoba 2012 mimi ndiye niliyesimama pembeni mwa uwanja siku ya Idd al-Adha, nikahesabu safu, nikazidisha kwa idadi ya watu katika safu moja, nikapata elfu tatu. Walikuwamo watoto waliovalishwa kanzu mpya, wageni waliotoka Nairobi kuwatembelea jamaa zao, na watu wa wadi jirani ambao uwanja wao ulikuwa umejaa maji. Hesabu hiyo niliipeleka kwa mgombea jioni ileile, pamoja na barua yetu ya kuomba ardhi ya makaburi.

Uandikishaji wa wapiga kura ulianza tarehe 19 Novemba ukafungwa tarehe 18 Desemba. Siku hizo 30 nilizimaliza katika sebule za wagombea, nikijadili ni nani miongoni mwetu atakayependekezwa kwa uteuzi, yaani kiti kinachojazwa kutoka orodha ya chama, huku kila asubuhi nikipita mbele ya kituo cha kuandikishia katika shule ya msingi, nikiona foleni fupi, nisisimame. Vijana wetu wengi hawakuwa na vitambulisho, kwa kuwa walikuwa wamerudishwa na ofisi ya usajili wakatafute vyeti vya babu zao, sharti ambalo majirani waliokua nao mtaa mmoja hawakupewa. Mjane mmoja wa mtaani kwetu alinijia mara mbili akiniomba nimsindikize kwenye ofisi hiyo, nami mara zote mbili nikamwomba asubiri mkutano wetu upite.

Tarehe 4 Machi 2013 usiku nilisoma fomu za matokeo zilizobandikwa kwenye milango ya vituo vinavyouzunguka msikiti. Nilizijumlisha mara tatu kwa mwanga wa simu, na kura za mtu wetu hazikufika 500. Alishinda kwa kura za wengine. Tulipokwenda kumkumbusha habari ya makaburi, alitukaribisha kwa adabu, akauliza elfu tatu zilikwenda wapi, na barua yetu ikarudi mfukoni mwangu. Baadaye yule mjane, ambaye bado hakuwa na kitambulisho, aliniuliza, "Mwanangu, katika hao elfu tatu, na mimi nilikuwamo?" Nilimjibu kwamba alikuwamo. Jibu hilo linaniuma kuliko kura zote tulizokosa.

2. Acheni kuota chama chetu wenyewe. Islamic Party of Kenya ilinyimwa usajili mwaka 1992, na leo Ibara ya 91 ya Katiba inakataza chama kuasisiwa kwa misingi ya dini, hivyo nafasi yetu ni ndani ya vyama vilivyopo, na majina ya orodha za uteuzi hupelekwa kabla ya kura kupigwa.

3. Zungumzeni na majirani. Kwa sensa ya 2019 sisi ni takriban asilimia 11 ya Wakenya, na hakuna hesabu itakayotupitisha peke yetu. Mwaka 2010, makanisa mengi yalipoipinga Katiba, Mahakama za Kadhi zikiwa miongoni mwa sababu, tulizunguka sokoni tukieleza kwamba Kadhi hushughulikia hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu, tena pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali mamlaka yake. Muuza mboga mmoja Mkristo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akawaeleza wenzake vizuri kuliko nilivyoeleza mimi. Tarehe 4 Agosti Katiba ilipita, na Ibara ya 170, ile ya Mahakama za Kadhi, imo ndani yake kwa kura za watu kama yeye.

4. Wanawake waketi mezani tangu kikao cha kwanza, kwani wao ndio wanaojua nyumba ipi ina kijana aliyetimiza miaka 18.

5. Ahadi iandikwe, isainiwe, na isomwe hadharani.

6. Kuhusu vitambulisho, Februari 2025 Rais alitangaza kufutwa kwa msasa wa ziada, yaani ule uchunguzi uliowarudisha vijana wetu wakatafute vyeti vya babu zao, lakini msimwache mtu aende peke yake akitumainia tangazo. Jumamosi hii baada ya Adhuhuri nitakuwa madrasani. Kila mmoja wenu aje na majina ya nyumba kumi za mtaa wake, aonyeshe nani ana kitambulisho, nani ameandikishwa na katika kituo gani. Nyumba ya kwanza katika daftari langu ni ya yule mjane, na Jumatatu asubuhi ninamsindikiza.