Mazishi Buffalo, theluji ikiwa njiani

Mliuliza wiki hii: dhoruba ya theluji imetangazwa na ndugu anazikwa kesho, waombolezaji wafanyeje? Najibu kwa Buffalo, jimbo la New York, ambako Wakongomani wengi wanaoongea Kiswahili wamehamia.

Kabla ya kutafuta koti, piga simu makaburini. Ardhi ikiganda, wachimbaji huweza kuweka kifuniko cha chuma juu ya eneo la kaburi na kuwasha gesi chini yake usiku kucha ili udongo ulainike. Kazi hiyo mara nyingi ina malipo ya ziada, na theluji ikiziba njia ya trekta haifanyiki. Uliza pia kama njia ya ndani imesafishwa hadi kaburini au langoni tu.

Theluji ya huku hutoka Ziwa Erie na hushuka kwa mikanda myembamba. Novemba 2022 Orchard Park, kusini mwa jiji, ilipata takriban mita 2, upande wa kaskazini ukapata kidogo. Kwa hiyo usiamini dirisha lako. Angalia utabiri wa pale penye makaburi. Marufuku ya kuendesha magari ikitoka, ahirisheni. Krismasi ya mwaka huohuo dhoruba ya theluji iliua zaidi ya watu 40 kaunti ya Erie, ambamo Buffalo imo, wengine ndani ya magari yao. Marehemu yuko kwenye jokofu, siku mbili hazimvunjii heshima. Waislamu, ambao huharakisha maziko, wazungumze na imamu mapema.

Garini weka beleshi, mablanketi, tangi lililojaa na mfuko wa mchanga. Chumvi ya barabarani hudhoofika baridi ikipita nyuzi 9 chini ya sifuri. Mchanga hukamata wakati wowote. Mkikwama, shuka kwanza ufukue ekzosi, maana ikizibwa na theluji gesi yenye sumu hurudi ndani, nayo haina harufu. Kisha washa injini kama dakika 10 kila saa, kioo kimoja kikiwa wazi kidogo.

Kitenge cha sare kifungwe juu ya suruali nzito. Soksi ziwe za sufu. Za pamba zikilowa jasho hugandisha vidole. Viatu vya ngozi vya kanisani vibaki mfukoni, soli zake huteleza kama sabuni.

Wabeba jeneza ndio wanaosahaulika. Glavu za sufu huteleza kwenye vishikio vya chuma. Wavae zenye mpira viganjani. Mtu mmoja atangulie akimwaga mchanga, nao wapige hatua fupi, nyayo bapa. Hatari kubwa iko ukingoni: mbao zinazozunguka kaburi hufunikwa zulia la kijani, na chini ya zulia mna barafu isiyoonekana. Likunjeni, mbao zimwagiwe mchanga.

Udongo uliochimbuliwa nao huganda mabonge mazito kama mawe, na bonge likigonga jeneza kishindo chake huwaumiza wafiwa. Bebeni ndoo ya udongo mkavu kutoka ndani ya nyumba. Kila mtu atapata konzi yake.

Baridi inayohisiwa kwa sababu ya upepo ikifikia nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi huweza kuganda kwa dakika 30. Sala ya kaburini iwe ya dakika 10, mahubiri na nyimbo zibaki ukumbini. Wazee wakae garini. Anayerusha video kwa ndugu wa Bukavu aiweke simu kifuani hadi dakika ya kushusha jeneza, kwani baridi huimaliza betri. Saa 5 asubuhi ya Buffalo, kwao ni saa 12 jioni.