Ukiwa kwenye kayaki, itazame shingo ya koikoi

Koikoi, ndege wa majini wenye shingo na miguu mirefu, wengi wao hawakimbii kayaki (mtumbwi mwembamba), wanakimbia kafi. Chombo kinachoelea polepole hawakijali sana. Kinachowashtua ni mikono inayopanda na kushuka, na ule ubapa wa kafi unaomeremeta juani. Kwa hiyo nikitaka kuwapiga picha, huanzia juu ya mto, nikakaribia kiasi, kisha nikalaza kafi mapajani na kuuachia mkondo kazi iliyobaki. Usimlenge ndege moja kwa moja. Elekeza pua ya kayaki pembeni, kana kwamba unapita zako.

Macho yako yawe shingoni mwake. Anapowinda huikunja kwa umbo la S, na pingili zake zimeumbwa hivi kwamba hufyatuka ghafla na kupeleka mdomo majini. Akiinyoosha wima, ujue ameshaacha samaki, anakupima wewe. Hapo shika matete au tawi, simamisha kayaki, tulia. Mara nyingi shingo hushuka tena taratibu na uwindaji ukaendelea. Akichuchumaa na kutoa kinyesi, weka kidole kwenye kitufe cha kamera: anaondoka, na kwa kawaida huruka akiukabili upepo.

Akiruka, mwache. Tatizo la mtoni ni kwamba hutua mbele kidogo, nawe mkondo unakupeleka kulekule, akaruka tena. Kila mara unamkatizia mlo. Vuka ukapitie ng'ambo, umpe nafasi ya kubaki nyuma yako. Na mti wenye viota usiusogelee kabisa, hata picha iwe nzuri namna gani. Wazazi wakiondoka, mayai na makinda hubaki juani, na kunguru hawachelewi.

Kuhusu kamera sina mengi. Lenzi ya milimita 400 inatosha, na tripodi iache nyumbani. Kunja magoti, egemeza viwiko juu yake, piga mfululizo. Ndege anaweza kuwa ametulia tuli lakini wewe unayumba, kwa hiyo kasi ya shata siishushi chini ya 1/1000 ya sekunde, na kwa mdomo unaochoma maji napanda hadi 1/2000. Kwa yangeyange punguza mwanga kidogo, la sivyo manyoya meupe yanapoteza mistari yake yote. Faida kubwa ya kayaki ni kwamba umekaa chini: lenzi inakuwa karibu usawa wa maji, na mandhari ya nyuma yanafifia yenyewe. Ukibahatika kumpata yule koikoi mweusi wa Afrika anayetandaza mabawa kama mwavuli kutia maji kivuli, ni pembe hiyo tu ya chini itakayokuonyesha jicho lake.

Kamera ikae kwenye mfuko usiopitisha maji mpaka dakika ya kuitumia. Jaketi la kuokolea livaliwe, halikaliwi. Na kama mto una viboko au mamba, pigia picha zako ukingoni, mbali na maji.