Northumberland siku mbili, bila gari, na mama
Dada uliyeuliza pa kwenda Northumberland, kaskazini mashariki mwa Uingereza: kwa siku mbili bila gari, tena na mama asiyeweza vilima, mimi ningekiacha kisiwa cha Lindisfarne safari hii. Barabara ya kuingia kisiwani hufunikwa na bahari mara mbili kwa siku, na maji yakijaa hayamngoji aliyekosa basi.

Siku ya kwanza iwe ya Ukuta wa Hadrian, ukuta wa Warumi wa kale ulioanza kujengwa mwaka 122. Pandeni treni Newcastle hadi Hexham, kisha basi la AD122 (ni la msimu, angalia ratiba kwanza) mpaka Vindolanda, ngome ya kale ya Warumi. Hapo ndipo penye utamu. Zimefukuliwa barua za wino kwenye vibao vyembamba vya mbao, za karibu miaka 1,900 iliyopita, mojawapo mwaliko wa siku ya kuzaliwa ambao Claudia Severa alimwandikia rafikiye Lepidina. Mama akipumzika makumbusho, wewe kimbilia Housesteads, ngome nyingine ya Warumi, ukauone ukuta wenyewe. Beba koti, hata kama ni Julai.

Kesho yake, kijiji cha pwani cha Craster. Njia ya kwenda magofu ya ngome ya Dunstanburgh ni nyasi kando ya bahari, kama kilomita mbili, haina mlima. Mkirudi kuleni samaki wa kukaushwa kwa moshi wa mwaloni. Kwangu chumvi imezidi, ila mama aliyezoea ng'onda hatalalamika.